Maji ya kisima yanaelekea wapi?

Wanachuo wenzangu, kisima kikichimbwa huko kwetu Tarime na Serengeti, maswali huwa mawili. Maji yapo? Yanafaa kunywa? Yakijibiwa, pampu inafungwa, kiongozi anakata utepe, basi. Haulizi mtu maji yanatoka upande gani, yanaelekea wapi na kwa kasi gani. Mimi nasema hilo ni la kupima kabla ya utepe.

Chukua kata kama Gorong'a. Kwenye mashapo, yaani mchanga na udongo ulioletwa na mto, maji hujipenyeza katikati ya chembe. Kwenye mwamba hupita katika mipasuko tu. Tuseme kila mita ya mraba inapitisha lita 10 kwa siku. Mchanga ukiwa na nafasi asilimia 25, maji husogea sentimita 4 kwa siku: mita 100 kutoka chooni hadi kisimani ni karibu miaka saba. Mwamba wenye mipasuko asilimia 1? Siku 100 tu. Halafu tunaambiwa eti choo kiko mbali!

Kupima si uchawi. Pima usawa wa maji katika visima vitatu visivyo kwenye mstari mmoja, utapata mteremko wake. Ila kwenye mwamba maji hufuata ufa, na ufa unaweza kwenda kombo. Kwa hiyo, kabla pampu haijafungwa, changanya maji ya chumvi kisimani kutoka juu hadi chini, kisha shusha kifaa kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Kina ambacho chumvi inapotea haraka ndipo maji yanapopita.

Tarime tunajua kwa nini hili lina uzito. Mwaka 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara hadi mto Tigithe; mwaka 2019 NEMC iliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6. Kijiji kisicho na vipimo vyake huingia kwenye mabishano ya namna hiyo na ushahidi wa tumbo linalouma.

RUWASA ibandike vipimo hivyo ofisi ya kijiji. Na sisi walimu watarajiwa, tukienda TP, kamba yenye uzito na daftari vinatosha: wanafunzi wapime visima vya wazi kila Ijumaa, masika na kiangazi.