Mawe hayakuota, udongo ndio uliohama

NILIPOKUWA mvulana, wazee wa kijiji chetu kilichopakana na msitu wa Mlima Kenya, upande wa Nyeri, walikuwa na kauli moja kuhusu mashamba ya huko juu: kwamba mawe ya mlimani huota. Mtu aliweza kuyaokota yote kondeni mwake na kuyarundika mpakani, na msimu uliofuata akayakuta mengine mahali pale pale, yameoshwa na mvua yakatakata. Sisi watoto, tuliopewa kazi ya kuyaokota, tuliisadiki kauli hiyo bila ya kuuliza. Imepita miaka mingi ndipo nikafahamu kwamba mawe yale hayakuota hata siku moja. Udongo uliokuwa umeyafunika ndio uliokuwa ukihama.

Nayakumbuka haya kwa sababu mjadala wa kulima ndani ya misitu haujapata kuzikwa humu nchini. Mfumo wa mashamba msituni ulianzishwa na wakoloni mwaka 1910 ili kupata watu wa kupanda na kupalilia miti. Ulipigwa marufuku mwishoni mwa miaka ya 1980, ukarejea kwa jina jingine baada ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, na mwaka 2022 wakuu wa serikali wakatangaza tena kwamba wananchi wataruhusiwa kulima humo. Mwaka uliofuata, 2023, marufuku ya kukata miti iliyokuwa imewekwa mwaka 2018 ikatangazwa kuondolewa. Kila jambo hili linapozuka, watu huuliza maswali mawili: nani atapata kipande, na miti mingapi itapandwa. Sijasikia wakuu wetu wakiuliza swali la tatu, ambalo kwa maoni yangu lingefaa kuwa la kwanza: udongo wa huko juu ni udongo wa namna gani?

Mlima Kenya ni volkeno iliyozimika zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Nao mlolongo wa Nyandarua, ambao wengi huuita Aberdare, ulizaliwa kwa moto uo huo wa chini ya ardhi. Majivu na mawe yaliyotapikwa zama hizo ndiyo yaliyooza polepole yakawa udongo tunaoutegemea leo. Huku chini kwenye joto, majivu hayo yamekwisha kukomaa yakawa ule udongo mwekundu, mzito, wenye kina kirefu, unaostawisha kahawa na chai. Lakini ukiivuka mipaka ya mashamba ya chai, ukapanda hadi kwenye mianzi, ambako baridi na unyevu ni vya kudumu, unakutana na ndugu yake mdogo. Wataalamu humwita andosoli, jina lenye asili ya Kijapani linalomaanisha udongo mweusi.

Ndugu huyu ana tabia zake, na asiyezijua hudanganyika. Ni mweusi kwa wingi wa mboji iliyoshikamana na madini ya majivu kiasi kwamba haiozi upesi. Ni mwepesi ajabu: lita moja yake, ikikaushwa, kwa kawaida haifikii gramu 900, hali udongo wa kawaida wa shambani huipita kilo moja bila ya taabu. Wepesi huo watokana na vinyweleo vingi visivyoonekana kwa macho, na ndani ya vinyweleo hivyo ndimo maji yanamohifadhiwa. Chota gao moja chini ya mianzi ulisugue kwa vidole: lililoonekana kuwa gumu litageuka kuwa utelezi, na maji yatajitokeza. Udongo wa aina hii, mahali penye mvua nyingi, huweza kubeba maji yenye uzito sawa na wake wenyewe au hata zaidi. Kwa hiyo anayesema kwamba mlima ni tangi la maji hasemi kwa mafumbo.

Sasa yafikirie mawe. Kwenye miteremko mikali udongo huu haukai peke yake. Umechanganyika na vipande vya lava na yale mawe mepesi yenye matundu, ambayo mfano wake hutumiwa na akina mama kusugulia visigino. Maji ya mvua hupenya kando ya mawe hayo na kushuka chini badala ya kutiririka juu ya ardhi. Hiyo ni faida. Lakini kuna hesabu ambayo mkulima yampasa kuifanya kabla hajainua jembe. Ikiwa nusu ya ardhi ni mawe, basi udongo wenyewe ni nusu tu ya kile anachodhani amepewa. Shamba la huku chini likipoteza unene wa vidole vitano vya udongo, limejeruhiwa. Mteremko wa mawe ukipoteza kiasi hicho, umekaribia kufa.

Marehemu baba yangu hakuifanya hesabu hiyo, wala sidhani kama kuna aliyemfundisha. Alipewa kipande chake huko juu akashukuru, kwani shamba letu la nyumbani lilikuwa limegawanywa kwa ndugu hata likawa kama mkeka. Tulifyeka, tukachoma, tukapanda viazi. Nayakumbuka mavuno ya kwanza: viazi vikubwa, vyeusi kwa udongo uliovishikilia, magunia hata tukakosa punda wa kutosha wa kuyabeba. Mama alilipa karo ya ndugu zangu wawili kwa msimu mmoja. Mavuno ya pili yalikuwa mema. Ya tatu yalikuwa ya kujikaza. Katika kiangazi kilichofuata, upepo ulipovuma, niliona vumbi jepesi, la kahawia, likiinuka kondeni na kushuka bondeni kama moshi. Na mawe yakaanza "kuota". Kijito tulichokuwa tukichota maji ya kunywea tukiwa kazini, ambacho hakikuwa kimepata kukauka, kikakauka mwaka huo mwezi wa pili.

Baba alilaumu mbegu. Majirani walilaumu husuda. Kumbe sababu ilikuwa chini ya nyayo zetu. Udongo wa majivu hupenda kivuli na unyevu wa daima. Ukivuliwa miti na kuanikwa juani, chembechembe zake hushikana zikawa kama mchanga, na tabia ile ya kufyonza maji humtoka. Hata mvua ikirudi, haurejei ulivyokuwa. Ndivyo unavyotofautiana na udongo mwekundu, ambao ukikauka leo, kesho ukinyeshewa hulainika tena. Isitoshe, madini yake huikamata fosforasi kwa nguvu na kuinyima mimea, hata mkulima akitia mbolea gunia kwa gunia, sehemu kubwa hunaswa na udongo. Yale mavuno ya kwanza yaliyotufurahisha hayakuwa zawadi ya shamba. Tulikuwa tukila majivu ya miti tuliyoichoma na akiba ya mboji ya karne nyingi. Tulikula mtaji tukidhani ni faida.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na kwamba mwandishi aliyekwisha kuhamia mjini hana haki ya kumzuia maskini asilime. Hoja hii naiheshimu, maana karo iliyotokana na viazi vile ndiyo iliyowafikisha ndugu zangu walipofika. Nakubali pia kwamba mfumo wa mashamba, uliposimamiwa ipasavyo, ulitupatia misitu mingi ya misonobari na mikaratusi ambayo isingalipandwa kwa mishahara ya serikali. Kwenye ardhi tambarare yenye udongo mwekundu wenye kina, mkulima akipalilia miche kwa miaka michache kisha akaondoka, sioni madhara makubwa.

Lakini njaa ya mtu haibadilishi tabia ya udongo. Maskini anayepewa mteremko wa mawe amepewa mkopo wenye riba asiyoijua, na atakayelipa ni mwanawe. Wala deni hilo halimwishii yeye peke yake. Mito inayoulisha Mto Tana yatoka katika milima hii miwili. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, lapokea maji yake, na pamoja na maji lapokea udongo. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 na lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70, ndilo tegemeo kubwa la mifereji ya Nairobi. Upande wa pili, mfugaji wa Samburu na Isiolo hutazama Ewaso Ng'iro wakati wa kiangazi akitumaini maji yaliyohifadhiwa na udongo ambao hajapata kuuona. Tone linalomfikia mwezi wa pili halikunyesha mwezi wa pili. Lilinyesha zamani, likawekwa akiba chini ya mianzi, likatolewa kidogo kidogo. Tukiliharibu ghala hilo, mvua itakuwa ile ile, ila itatufikia yote kwa mpigo ikiwa mafuriko, kisha kiangazi kitatukuta mikono mitupu.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu kwa wanaohusika.

La kwanza, kibali cha kulima msituni kisitolewe kwa kutazama ramani ya miti pekee. Pachimbwe shimo. Kazi ya nusu siku kwa jembe na sururu itaonyesha kama chini kuna udongo mwekundu wenye kina au majivu yaliyojaa mawe. Panapotokea majivu na mawe kwenye mteremko, jibu liwe hapana, hata kama mwombaji ni jamaa ya mkubwa. Tusisahau kwamba kanuni za kilimo zilizotolewa mwaka 1965 zilikataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35, yaani ardhi inayopanda mita 35 kwa kila mita 100. Hekima hiyo tulikuwa nayo. Kilichokosekana ni mtu wa kuitekeleza.

La pili, wale wanaonyimwa vipande wasiachwe na maneno matupu. Msitu una riziki isiyohitaji jembe: asali, vitalu vya miche ya asili, na nyasi za kukatwa na kupelekewa ng'ombe zizini. Wanaokaa mpakani ndio wawe wa kwanza kuajiriwa katika ulinzi wa msitu na katika kazi ya kuotesha miche.

La tatu lahusu kampeni ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Nia ni njema, lakini mti si msumari, kwamba waweza kupigiliwa popote. Kwenye miteremko ya mawe iliyojeruhiwa, kufyeka vichaka na kuchimbachimba mashimo ili viongozi wapigwe picha ni kuumiza kidonda upya. Mahali pengi yatosha kuzuia mifugo, moto na panga, kisha kuuacha msitu ujitibu: vichaka hutangulia, kivuli hufuata, na muthengera na muthaiti hurejea kwa wakati wao. Uzio wa umeme wa Nyandarua, uliokamilika mwaka 2009, umesaidia kuwazuia ndovu na wezi wa miti, lakini hakuna uzio unaoweza kuuzuia udongo uliokwisha kulegea.

Miezi michache iliyopita nilipanda hadi kwenye kipande kile cha baba. Hakuna anayekilima sasa. Yale marundo ya mawe tuliyoyaweka mpakani tukiwa watoto bado yapo, yameota kuvu, nayo yanakaribia kupotea katikati ya mawe mengine, kwa kuwa konde lote sasa ni mawe. Hatua 30 tu kutoka hapo, ng'ambo ya mpaka, mianzi imesimama. Niliingia humo nikachota udongo kwa kiganja, nikaufinya, maji yakanitiririkia hadi kwenye kiwiko. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki tatu.

Wanaotaka kuigawa miteremko ile naomba wapande wenyewe hadi huko, wafinye gao moja la upande huu na gao moja la upande ule, kisha warudi ofisini watie sahihi.