Daftari la Kampuni ya Simu na Amana ya Mteja



Hakuna hata mmoja kati yenu anayetumia simu ambaye hajaacha kitu chake mikononi mwa kampuni ya simu. Siku mliponunua puce, mliulizwa jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa, pamoja na mtaa mnaokaa. Mlitoa kadi ya uchaguzi, ambayo katika nchi yetu ndiyo kitambulisho cha watu wengi, nayo ikapigwa picha. Kisha mkapewa puce, mkaenda zenu, na jambo hilo likasahaulika. Tunapenda kulirudia leo, kwa sababu tunaamini kwamba kilichoachwa pale ni amana. Aliyekipokea amekabidhiwa tu, na mtu aliyekabidhiwa hudaiwa hesabu.

Uandikishaji huo ni mwanzo tu. Kila tunapopiga simu, mitambo ya kampuni huandika namba iliyopiga na namba iliyopigiwa, saa, muda wa mazungumzo, na mnara uliopokea mawimbi ya simu yetu. Maneno tuliyosema hayamo katika kumbukumbu hiyo. Hata hivyo, mwenye kuisoma kwa mwezi mmoja ataelewa mtu hulala mtaa gani, hufanya kazi wapi, humpigia nani usiku, na ni siku gani alisafiri kutoka Bukavu kwenda Uvira. Tangu zilipoenea huduma za kutuma pesa kwa simu, kama M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, kampuni hiyohiyo yajua pia nani anamlipia nani karo, nani ana akiba, na nani amebaki mtupu kabla ya mwisho wa mwezi. Wahenga walisema: siri ya mtungi aijuaye kata. Katika zama zetu, kampuni ya simu imekuwa ndiyo kata.

Tuwe wenye haki. Serikali haikuagiza uandikishaji huu bila sababu. Watekaji nyara hutumia simu kudai fidia kwa familia zenye uchungu. Matapeli hutuma ujumbe wa uongo kwamba pesa imeingia kwako kwa bahati mbaya, kisha hukuomba uirudishe. Jamii ina haki ya kutafuta njia ya kuwatambua watu hao, na namba isiyo na mwenyewe ni maficho yao. Kwa hiyo hatusemi kwamba majina yasiandikwe. Twauliza jinsi yanavyoandikwa, na jinsi yanavyotunzwa baada ya kuandikwa.

Tuangalie basi mahali ambapo kazi hiyo hufanyika kweli. Haifanyiki katika ofisi zenye viyoyozi peke yake. Mara nyingi hufanyika barabarani, chini ya mwavuli, kwa mkono wa kijana kama ninyi anayepata faida yake ndogo kwa kila puce anayouza. Kijana huyo ana haraka, na mteja wake ana haraka. Ikiwa mteja hana kitambulisho, pengine kwa sababu alikipoteza alipokuwa akikimbia vita, huuziwa puce iliyokwisha kuandikishwa kwa jina la mtu mwingine. Ikiwa anacho, picha ya kadi yake huenda ikabaki katika simu ya mwuzaji, na hakuna ajuaye itakaa humo hadi lini.

Tuwaze mama anayeuza mboga sokoni, ambaye kwa miaka miwili ameweka akiba yake katika simu. Puce yake iliandikishwa kwa jina asilolijua. Siku moja simu yaibiwa. Anapofika ofisini kuomba puce nyingine yenye namba ileile, anaulizwa jina la mwenye namba, na jina lake halimo. Pesa ni jasho lake, lakini daftari lasema ni za mtu mwingine. Sasa tuwaze upande wa pili: kijana mwaminifu ambaye picha ya kadi yake ilitumiwa kuandikisha puce tatu asizozijua. Moja kati ya hizo ikitumiwa kudai fidia ya mateka, ni mlango wa nani utakaogongwa na polisi?

Hapo ndipo tunapoona jambo ambalo wengi hulipita. Mara nyingi tunaambiwa kwamba tuchague moja kati ya mawili: ama usalama wa wote, ama siri ya mtu binafsi. Lakini daftari lililojazwa kwa uzembe huharibu yote mawili kwa pamoja. Mhalifu hujificha nyuma ya jina la asiye na hatia, na asiye na hatia hubeba mzigo wa mhalifu. Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo tulivyofundishwa tangu shule ya msingi. Nasi twaongeza: hata mali yenye daftari hupotea, ikiwa daftari lenyewe halina mlinzi.

Kuna pia daftari la karatasi, lile la wakala wa kutuma na kutoa pesa. Humo huandikwa jina, namba ya simu, kiasi cha pesa, na mara nyingine namba ya kitambulisho, kisha mteja hutia sahihi. Anayefuata hutia sahihi mstari wa chini, naye husoma kwa macho yake yote yaliyoandikwa juu. Hivyo mtu asiyejulikana hupata kujua kwamba jirani yake amepokea dola 200 mchana huu. Wasichana hawahitaji kuelezwa jambo hili: namba hunakiliwa humo, na usiku huanza simu za mtu ambaye hawakumpa namba kamwe. Hakuna mtambo mgumu uliovunjwa wala mtaalamu aliyehitajika. Palihitajika tu daftari lililoachwa wazi.

Tukumbuke pia yaliyotokea kwetu si zamani. Mwaka 2020 nchi nzima ilijifunza neno jipya, RAM, yaani daftari la vyombo vya simu lililosimamiwa na ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano. Kila chombo cha simu kina namba yake ya utambulisho tangu kiwandani, na namba hizo ndizo zilizoandikwa. Tuliambiwa kwamba lengo ni kupambana na simu bandia na wizi. Pamoja na hayo, mwenye simu ndogo alitozwa dola 1 kwa mwaka, na mwenye simu ya intaneti dola 7, nazo zilikatwa katika uniti zake. Malalamiko yalikuwa makubwa, yakafika hadi Bungeni, na mwaka 2022 tozo hiyo ikafutwa. Wananchi walishinda, nasi twawapongeza. Lakini sauti nyingi zilidai uniti. Swali la orodha yenyewe, nani anayo na itatumika kwa kazi gani, halikusikika sana. Pesa inapokatwa, mtu huona salio likipungua. Taarifa inapochukuliwa, hakuna kinachopungua machoni petu, na ndiyo maana ni rahisi kuichukua.

Tena kampuni hubadilisha wenyewe. Wateja wa Celtel walikuwa wa Zain mwaka 2008, na mwaka 2010 wakawa wa Airtel. Wateja wa Tigo walijikuta mwaka 2016 mikononi mwa Orange. Kuuza na kununua kampuni si kosa. Bali mteja aliyekabidhi amana kwa mmoja ana haki ya kuambiwa kwa maneno anayoyaelewa kwamba sasa inashikwa na mwingine, na kwa masharti gani. Mtu akikuachia mbuzi wake, kisha ukahama mtaa, humwachii mbuzi huyo mpangaji mpya bila kumwarifu mwenyewe.

Sheria yasemaje? Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi, na siri ya barua, ya simu na ya mawasiliano mengine yote. Haki hiyo haiguswi ila pale sheria inapoagiza. Sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020 iliweka wajibu juu ya kampuni. Na tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ilipata Code du numérique, ambayo ina sehemu nzima kuhusu ulinzi wa taarifa za mtu binafsi: zikusanywe kwa lengo linalojulikana, na mwenyewe aweze kuzijua na kuzisahihisha. Sheria basi ipo. Lakini sheria isiyojulikana na anayelindwa nayo ni kama taa iliyofungiwa kabatini.

Wengine watatujibu: sisi hatuna la kuficha. Jibu hilo lina moyo safi, lakini halitoshi. Mtu aliyepigia simu kituo cha wagonjwa wa ukimwi mara tatu kwa juma moja hajatenda ubaya wowote, na bado hataki mtaa wote ujue. Baba anayedaiwa hajaiba, na bado deni lake si habari ya soko. Tena, katika majimbo yetu ya Mashariki tumejifunza kwa machungu kwamba mamlaka hubadilika, bali madaftari hubaki. Orodha ya watu waliopigiana simu, ambayo leo haina maana, kesho inaweza kusomwa na mwenye silaha anayetafuta adui. Asiye na la kuficha leo hawezi kujua ni nani atakayemsoma kesho.

Wengine watasema kwamba kampuni ni kubwa nasi ni wadogo. Ni kweli kwamba kampuni ni kubwa, lakini ukubwa wake umejengwa kwa uniti za franka chache zinazonunuliwa na wadogo kila asubuhi. Kwa hiyo tunadai mambo matatu, nayo hayazidi uwezo wake.

La kwanza, mteja anapoandikishwa aelezwe kwa Kiswahili, Kilingala, Kikongo au Tshiluba ni taarifa gani zinazochukuliwa, kwa nini, na zitatunzwa muda gani. Masharti marefu ya Kifaransa chenye herufi ndogo si maelezo.

La pili, kampuni iwajibike kwa matendo ya mawakala wake wa barabarani. Ikiwa inachukua faida ya kazi yao, ichukue pia dhamana ya makosa yao. Iwafundishe, ihakikishe kwamba picha za kadi za watu hazibaki katika simu zao, na ibuni njia ya kuandika malipo ambayo mteja mmoja hasomi habari za mwingine.

La tatu, kila mtu aweze kujua ni puce ngapi zilizoandikishwa kwa jina lake, na kuifuta asiyoitambua. Jambo hili si ndoto: kwa jirani zetu wa Tanzania, mteja hupiga *106# na kuona namba zilizoandikishwa kwa kitambulisho chake. Huduma rahisi kama hiyo ingemwokoa yule kijana wa puce tatu kabla mlango wake haujagongwa.

Nanyi, vijana wapendwa, mna sehemu yenu. Mwenye puce ya jina la mwingine aende kuiandikisha kwa jina lake mwenyewe, hasa ikiwa ina akiba ndani yake, na awasaidie wazazi wake kufanya vivyo hivyo. Mnapotoa kadi yenu, ulizeni bila hasira: picha hii inakwenda wapi? Mnapotia sahihi katika daftari la wakala, ombeni afunike mistari ya juu. Mwanzoni atashangaa. Wakimwomba watu kumi, atatafuta kipande cha karatasi cha kufunikia.

Mwisho, tujitazame katika makundi yetu. Kila kundi lina orodha yake: majina, namba za simu, mitaa, mara nyingine hata majina ya wazazi. Orodha hiyo iliandikwa kwa ajili ya mkutano, semina au safari. Wakati wa uchaguzi huja mgombea akaomba namba za vijana. Siku nyingine huja mfanyabiashara. Anayewapa hufikiri ametoa karatasi tu, kumbe ametoa watu waliomwamini kwa kazi nyingine. Hatuwezi kudai kwa kampuni uaminifu ambao mwandishi wa kundi letu hauonyeshi. Orodha itumike kwa kazi iliyoandikiwa, ishikwe na mtu anayejulikana, na kazi ikiisha, ichanwe.

Maswali ya kujadili katika kundi:

1. Ni wangapi kati yetu, au katika familia zetu, wanaotumia puce isiyo ya jina lao? Ni nini kinachowazuia kuiandikisha upya?

2. Orodha ya namba za kundi letu iko kwa nani leo, na imekwisha kupewa nani?

3. Ni swali gani moja tungependa kulipeleka kwa pamoja, kwa maandishi, katika ofisi ya kampuni ya simu iliyo karibu nasi?