Inchi 20 Zote si Sawa

Naomba nitoe shauri juu ya jambo lionekanalo dogo, lakini lawagharimu watu fedha nyingi. Jambo lenyewe ni umbo la kioo cha televisheni.

Hapa Dodoma mitambo ya analojia ilizimwa mwanzoni mwa mwaka 2013, lakini babu yangu, akaaye kijijini katika wilaya ya Chamwino, hakuitupa televisheni yake ya kasha. Aliifungia king'amuzi, akaendelea kuitazama mpaka ilipokufa mwaka jana. Basi akauza alizeti, akaja mjini kununua nyingine. Ile ya kale ilikuwa ya inchi 20, naye akataka ya inchi 20 vile vile. Mwenye duka akamwambia, "Mzee, ni ile ile, ila hii ni nyembamba." Ilipowashwa nyumbani babu akasema, "Hii imepungua." Sote tulicheka, tukidhani ni macho ya uzee.

Likizo iliyopita nilichukua futi ya fundi nikapima zote mbili. Nakiri mbele ya wasomaji: babu alisema kweli, nasi wasomi tulicheka bure.

Inchi zitajwazo dukani si za upana wala za kimo. Ni za mstari utokao pembe moja ya kioo hadi pembe iliyo mkabala nayo. Kioo cha zamani kina uwiano wa 4 kwa 3. Kwa kanuni ya Pythagoras, pande za 4 na 3 hutoa mstari wa 5. Kwa hiyo mstari ukiwa inchi 20, upana ni inchi 16 na kimo 12. Eneo lake ni inchi za mraba 192. Kioo cha siku hizi kina uwiano wa 16 kwa 9. Mstari ukiwa inchi 20, upana ni kama inchi 17.4 na kimo 9.8, na eneo ni kama inchi za mraba 171. Babu alipoteza inchi za mraba 21, yaani zaidi ya sehemu moja katika kumi. Ili apate kimo kile kile cha inchi 12, ingempasa anunue ya inchi 24 na nusu hivi.

Jambo la pili ni kuvuta picha. Picha ya kale ikiwekwa katika kioo kipya huacha weusi pande mbili. Kaka yangu hakuupenda weusi ule, akabonyeza rimoti mpaka kioo kikajaa. Sasa tazameni: 4 kwa 3 ni sawa na 12 kwa 9. Ile 12 ikawa 16, na kila kitu kikanenepa kwa theluthi. Ikaonyeshwa filamu ya zamani ya Mwalimu Nyerere, naye aliyekuwa mtu mwembamba akawa na mabega ya mbeba magunia. Wako wasemao si neno, maadamu kioo kimejaa. Mimi sikubali. Afadhali weusi pembeni kuliko uongo katikati. Je, mwalimu wa hesabu akituonyesha duara likawa yai, tutajifunza nini?

Twasikia kwamba wazazi wetu wanakusudia kuchanga ili bwalo letu lipate televisheni. Nawasihi wasiulize inchi peke yake. Waulize upana na kimo, wavizidishe, ndipo walinganishe bei. Tena wakumbuke kwamba kwa vioo vya umbo moja, eneo la inchi 40 si mara mbili ya inchi 20, bali ni mara nne. Wakikosea, atakayeumia ni yule aketiye benchi la nyuma.

Fedha za alizeti za babu hazirudi. Lakini sisi tufundishwao uwiano kila juma tusimcheke tena mzee kabla ya kupima.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu