Hotuba ambayo hatukuisikia

Vijana wenzangu wa Bunia, na ninyi wote munaotusoma toka mbali,

Leo sitasema juu ya barabara wala juu ya umeme. Ninataka kusema juu ya serii ya tele. Najua wengine watacheka: shomeri mwenye diplome ya iniversite, miaka mbili bila kazi, anakaa anatoa maoni juu ya vyombo vya angani. Mucheke kwanza, kisha musome mpaka mwisho.

Mimi ni mupenzi wa Star Trek tangu utoto. Kaka yangu mukubwa alileta diski toka Kampala, na tulikuwa tunaangaliaka usiku, kila mara jenereta ya jirani inawaka. Kingereza tulikuwa hatukisikii vizuri. Lakini siku moja, mu ile serii ya kwanza kabisa ya mwaka 1966, kuna mama mweusi ndani ya chombo, na mutu anamusemesha Kiswahili. Kiswahili! Tulirudisha ile sehemu nyuma mara tano. Ule mama anaitwa Uhura, jina lililotoka ku neno letu uhuru, na muchezaji wake alikuwa Nichelle Nichols. Mu kipindi kingine cha 1967, mashine inamufuta akili yote, na Kiswahili njo inatoka mudomoni mwake. Toka siku ile nilijua: mu ile kesho yao, na sisi tuko.

Lakini ile hadithi ilikuwa na tundu kubwa. Mu serii ya 1966, Muungano wa sayari uko tayari. Watu wa sayari mbalimbali, wengine walichukiana na kupigana zamani, sasa wanafanya kazi pamoja. Walifikaje pale? Nani alianza kumusalimia mwenzake? Hakuna aliyesema.

Kwa hiyo niliposikia kuna Enterprise, nilifurahi sana. Ni serii ya kabla: ilianza Septemba 2001, na hadithi yake inapita miaka mia moja mbele ya Kapiteni Kirk. Mimi niliipata nyuma kabisa, nikiwa iniversite, vipindi vyote 98 ndani ya fleshi moja. Nikasema: sasa njo watatuonyesha Muungano ulijengwa namna gani.

Wandugu, waliniangusha.

Sezoni mbili za kwanza, chombo kinatembeatembea tu. Kuna Mayweather, kijana mweusi anayeendesha chombo, lakini kwa vipindi vingi kazi yake ni kukaa ku kiti na kusema «ndiyo, Kapiteni». Tena kuna kipindi kimoja cha 2003 kilicho kizuri sana. Wavulkani na Waandoria wanagombania kasayari kadogo, na kila upande unakaita kwa jina lake. Kapiteni Archer anaitwa kuwa mupatanishi, anapigwa risasi njiani, lakini anawafikisha ku meza. Mutu wa Ituri hahitaji kuelezwa maana ya kipande cha udongo chenye majina mbili. Nilisema: hapa njo penyewe. Kipindi kilichofuata, wakapasahau.

Mwezi wa tano 2003, mwisho wa sezoni ya pili, silaha toka angani inapiga dunia na kuua watu milioni 7. Sezoni nzima ya tatu inakuwa ya kutafuta adui. Ule Archer aliyekuwa mupatanishi anamufunga mufungwa mu chumba na kumutolea hewa ili aseme. Ninaelewa, Marekani ilikuwa imetoka mu Septemba 11, na waandishi waliandika hofu ya nchi yao. Lakini hadithi za kulipiza kisasi ziko nyingi duniani. Mimi nilikuja kuona ile ambayo haipatikani.

Sezoni ya nne, njo wanaamka. Waandoria na Watelari wako karibu kuanza vita, kumbe meli ya mutu wa tatu inajigeuza sura: inapiga huyu ikivaa sura ya yule. Archer anavumbua ule ujanja na kuwafanya waitafute pamoja. Pale nilisimama mu chumba changu nikapiga makofi peke yangu. Lakini watazamaji walikuwa wamepungua tangu zamani, na televisheni ikaifunga serii.

Kipindi cha mwisho kilitoka tarehe 13 Mei 2005. Na hapa njo kuna kidonda. Hatuwaoni Archer na wenzake kwa macho yao wenyewe. Tunawaona kupitia Riker, ofisa wa serii ingine, aliyeishi miaka 200 nyuma yao, anayewaangalia mu chumba cha picha kama mutu anayeangalia filme. Archer anaingia mu sali kubwa kutoa hotuba ya kuanzisha Muungano. Watu wamejaa. Anafika mbele. Na Riker anazima picha.

Hotuba hatukuisikia. Miaka minne ya safari, na neno lenyewe likakatwa.

Mutaniuliza: hii inakuumiza kwa nini, wewe mutoto wa Bunia?

Mimi nilizaliwa 1999, mwaka vita ilianza huku kwetu. Ule mwezi wa tano 2003, wakati waandishi wa kule walikuwa wanaunguza dunia yao ya filme, Bunia yetu ilikuwa inaungua kweli. Jeshi la Uganda lilikuwa limeondoka, na watu waliuawa kartie kwa kartie. Mwezi wa sita, askari wa Ulaya wa operesheni Artemis wakaingia, wafaransa mbele, wakakaa mpaka Septemba. Mimi nilikuwa na miaka ine. Ninakumbuka chini ya kitanda, basi.

Ya vita yenyewe, wengine wametusimulia. Kuna ripoti, kuna hukumu ya La Haye: mwaka 2012 Lubanga alihukumiwa kwa kuingiza watoto jeshini. Ni mambo ya lazima. Lakini zimeandikwa na akina Riker, watu wanaotuangalia toka mbali, na zinatuambia zaidi nani aliua. Jirani wetu ni wa kabila ingine, ukuta wake na wetu ni mumoja. Mimi ninataka kujua yeye na papa walirudi kusalimiana namna gani. Nani alisema neno la kwanza? Alisema nini? Kila mara ninauliza, papa ananijibu: «Mwanangu, acha hayo.» Anazima picha.

Simulaumu. Kusema kunauma. Lakini angalieni Djugu, watu wanakimbia mpaka leo, na kijana wa umri wangu anayepewa silaha amesikia hadithi zote za kisasi, bila kusikia hata moja ya namna kisasi kilisimama. Hiyo ni hadithi ya kabla ambayo inatukosekania.

Kwa hiyo ninaomba kitu kidogo, kisicho na gharama ya franga. Wiki hii, kaa na papa, mama ao muzee wa kartie yako. Usimuulize nani alianza vita. Muulize nani alianza kusalimia. Akikubali, rekodi ku telefone, mu lugha yake yoyote. Akikataa, rudi wiki ingine, na umuletee chai.

Mimi nimeshauliza mara tatu. Jumapili hii ninarudi mara ya ine.