Buti la laki tano linamfaa nani?

Kwenye lango la Machame, kabla msafara haujaanza kupanda Kilimanjaro, mzigo wa kila mpagazi huwekwa kwenye mizani, kwa sababu kanuni ya hifadhi hairuhusu mtu abebe zaidi ya kilo 20. Miguu haina mizani yake. Mara nyingi mgeni atakayetembea siku sita au saba na begi dogo mgongoni amevaa mabuti ya laki tano au zaidi, na aliyejitwika hema, chakula na mtungi wa gesi amevaa raba zilizolika soli. Wanaojiandaa kupanda mlima huuliza sana kama mabuti ghali yana thamani ya fedha yake, na hujibiwa kana kwamba kila mguu una kazi moja. Mimi nashikilia kwamba thamani ya buti haijulikani dukani. Inajulikana kwa kuhesabu siku litakazovaliwa na uzito litakaoubeba, na kwa hesabu hiyo mabuti mazuri ya Kilimanjaro yamo kwenye miguu inayoyahitaji kidogo kuliko yote.

Tuanze na kile ambacho bei hainunui. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, huko Scotland, walichapisha matokeo ya kulinganisha viatu vya kukimbilia vya bei tatu tofauti. Viatu vya bei ya chini na ya kati vilipunguza mshindo wa nyayo sawa na vya bei ya juu, vingine hata kuvizidi, na starehe ya mvaaji haikufuatana na bei. Najua viatu vya kukimbilia si mabuti ya mlimani, lakini kwa jambo hili miguu ni ile ile. Buti linalobana vidole litabana liwe la elfu sitini au la laki sita, na kwenye mteremko mrefu wa kushuka kupitia Mweka, ambako vidole husukumwa mbele kwa saa nyingi, kucha zitaumia vile vile. Kwa anayepanda mara moja maishani, buti la bei ya kati linalomkaa vizuri, lenye nafasi kidogo mbele ya kidole gumba na lililozoeleka mguuni wiki kadhaa kabla ya safari, linamtosha kabisa. Akiongeza laki tatu juu ya hapo, ananunua maisha ya kiatu ambayo hatayatumia.

Na hayo maisha ndiyo bidhaa yenyewe. Buti ghali lililotengenezwa kwa uaminifu lina ngozi nene na soli iliyoshonwa, ambayo fundi anaweza kuing'oa ikiisha na kushona nyingine. Soli ya kiatu rahisi iliyobandikwa kwa gundi tu ikiachia, mara nyingi kiatu kimekwisha. (Si kila buti ghali liko hivyo; mengine ni mepesi, yamebandikwa tu, na sehemu ya bei ni jina, kwa hiyo mnunuzi atazame mshono kabla ya nembo.) Tuchukue mfano wa hesabu. Buti la shilingi 500,000 likivumilia siku 200 za kazi, kila siku imegharimu 2,500. La 80,000 likichanika baada ya siku 20, kila siku imegharimu 4,000, na kwa siku hizo 200 mvaaji amenunua mara kumi. Lakini lile la 500,000 likivaliwa siku saba kisha likawekwa kabatini, kila siku imegharimu zaidi ya 71,000. Kiatu ni kile kile. Kilichobadilika ni miguu.

Wapo watakaosema mitumba imekwisha kutatua jambo hili, na kwa sehemu wana haki. Buti la ngozi lililovaliwa kidogo Ulaya linaweza kufanya kazi miaka mingi hapa. Hatari imejificha ndani ya soli. Tabaka la katikati la mabuti mengi ya mlimani ni poliurethani, na poliurethani huoza taratibu kwa unyevu wa hewa hata kama kiatu hakijavaliwa. Buti linaweza kung'aa juu kama jipya na siku ya kwanza ya safari soli ikabanduka nzima, mtu akiwa kwenye tope la msituni na mzigo kichwani. Anayenunua mtumba alikunje, abonyeze tabaka hilo kwa kidole gumba, na akiona nyufa au unga alirudishe. Asiyejua hili hupoteza fedha aliyoipata kwa jasho, na hapo ndipo msemo wa rahisi ni ghali unapomuuma maskini kuliko mwingine yeyote, maana hakuchagua rahisi kwa kupenda.

Hoja nyingine husemwa kwa wepesi unaoudhi: wapagazi wamezoea. Mazoea hayazuii mguu kuteleza. Mpagazi hupita msitu wenye mizizi iliyolowa, mawe na changarawe, hadi kambi ya Barafu iliyo juu ya mita 4,600, ambako usiku maji huganda. Tena hukimbilia kambini awahi kusimamisha mahema kabla wageni hawajafika. Kuvumilia kwake ni ushahidi wa nguvu zake na wa uhitaji wake; hakuthibitishi kwamba kiatu kinatosha.

Basi nani alipe? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa kinga, na sioni kwa nini mlima usihesabiwe kuwa mahali pa kazi kwa sababu tu mpagazi ni kibarua wa safari moja moja. Kampuni zitasema akipewa mabuti atayauza, au kesho atafanyia kazi kampuni nyingine. Basi na yaazimwe. Mjini Moshi mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, huwaazima mavazi ya mlimani bila malipo, nao huyarudisha wakishuka. Kinachowezekana kwa mradi wa hisani kinawezekana kwa kampuni inayotoza mgeni mmoja maelfu ya dola. Kwa hesabu yetu ya 2,500 kwa siku, safari ya siku saba ni shilingi 17,500 kwa kila mpagazi.

Mgeni naye ana sauti, kwa kuwa fedha iko mkononi mwake. Kabla ya kulipa, aiulize kampuni kwa maandishi wapagazi wake watavaa nini miguuni na nani amekinunua. Akikosa jibu, ahamie kwa nyingine. Moshi na Arusha hazina uhaba wa kampuni.