Mwanafunzi asiadhibiwe kwa kosa la jiji

Sisi walimu tuna methali tunayoipenda mno: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Huikariri langoni kila asubuhi huku tukiyaandika majina ya wanafunzi waliofika baada ya kengele, kisha tukawaadhibu kwa kuwafyekesha nyasi. Nami nimeisema mara nyingi, tena kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Leo naitaja nikiwa na haya.

Naishi mashariki ya jiji la Nairobi, karibu na Barabara ya Jogoo, na shule ninayofundisha iko magharibi, upande wa Kawangware. Umbali huo hauzidi kilomita 20. Hata hivyo, nisipotoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, sina hakika ya kufika kabla ya kengele. Hakuna gari linalonifikisha moja kwa moja. Aghalabu njia za matatu huishia katikati ya jiji, na abiria, hata asiye na haja yoyote ya mjini, hulazimika kushuka, kuvuka mji kwa miguu na kupanda gari la pili kwa nauli ya pili.

Jumatatu moja ya mvua nilifika kituo cha Kencom nikakuta umati umefurika hadi barabarani. Nauli iliyokuwa shilingi 50 siku ya Ijumaa ilikuwa imegeuka kuwa shilingi 100. Utingo alisimama mlangoni akiwachagua abiria kama mtu achaguaye nyanya sokoni. Msichana mmoja aliyevaa sare ya shule alipojaribu kupanda, alirudishwa nyuma na kuambiwa asubiri gari jingine. Sababu ilijulikana na kila mtu: mwanafunzi hutarajia kulipa nusu ya nauli, na asubuhi ya mvua kiti cha nusu nauli huhesabiwa kuwa hasara. Nilipita kando yake, nikalipa shilingi 100, nikaketi. Gari lilipoanza kwenda ndipo nilipoutazama uso wake vizuri. Alikuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha pili.

Saa mbili na robo alifika langoni, viatu vikichuruzika maji, akanikuta mimi ndiye mwalimu wa zamu. Hakusema kwamba aliniona kituoni. Aliinamisha kichwa, akataja jina lake, nami nikaliandika.

Tangu siku hiyo nimejiuliza: ni nani hasa aliyechelewa? Mabasi ya abiria yalianza kuhudumu Nairobi mwaka 1934, lakini mitaa mingi ya wanyonge haikufikiwa vya kutosha. Pengo hilo lilizibwa na magari ya watu binafsi yaliyotoza sarafu tatu za senti kumi, na ndiko lilikotoka jina matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu yabebe abiria bila leseni maalumu. Sitaki kuyadharau, kwani bila hayo mimi nisingefika kazini. Lakini tangu wakati huo usafiri wa umma umekuwa hasa biashara ya mtu binafsi, na biashara haina haya ya kumwacha mtoto kwenye mvua.

Wapo watakaosema kwamba matatu haziwezi kutiwa adabu. Hao wamesahau upesi. Tarehe 1 Februari 2004, chini ya Waziri John Michuki, ziliamriwa ziwe na mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano ubavuni, na zisibebe abiria kupita kiasi. Kwa muda, matatu iliyosemekana kamwe haijai ikajaa kwa idadi ya viti vyake. Kilicholegea baadaye ni mkono wa wasimamizi, wala si uwezo wa Wakenya kufuata sheria.

Naam, barabara kubwa zimejengwa. Ile ya Thika ilizinduliwa mwaka 2012. Mwaka 2022 tulipata barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, nayo hupitwa kwa kulipa ada. Mwenye gari lake hupaa juu ya msongamano. Msichana wangu hubaki chini akibembeleza utingo. Jiji lenye watu zaidi ya milioni nne haliwezi kuvushwa kwa magari ya wachache. Linahitaji treni nyingi zaidi, mabasi makubwa yenye njia zake na saa zake, na njia zinazouzunguka mji badala ya kumtupa kila abiria katikati yake. Aidha, nauli yapasa iandikwe mlangoni na isibadilike kwa kutazama mawingu, na kiti cha mwanafunzi kilindwe na sheria badala ya kuachiwa huruma ya utingo.

Hayo ni ya serikali, na huenda yakachukua muda. Sisi walimu tunaweza kuanza kesho. Kando ya jina la kila aliyechelewa, tuandike sababu. Akisema alikataliwa garini, tuandike kituo, saa, na jina la chama cha matatu hiyo, ambalo huwa limeandikwa ubavuni. Mwisho wa mwezi, mwalimu mkuu akipeleke chama hicho barua, na nakala kwa wanaotoa leseni. Nanyi wanafunzi, semeni kweli, wala msiifanye matatu kisingizio cha usingizi, maana mwongo mmoja huwaponza wenzake mia.

Msichana yule alifyeka nyasi asubuhi hiyo hadi saa tatu, akakosa somo la hisabati. Nilimwomba radhi siku iliyofuata. Ilikuwa radhi ndogo, nayo pia ilikuwa imechelewa.