Mionzi ya Mgonjwa Nayo Ihesabiwe

Mtaalamu wa mionzi aingiapo kazini huvaa kifuani kifaa kidogo kinachopima mionzi inayoufikia mwili wake. Nchini Tanzania, huduma ya kuvisoma vifaa hivyo hutolewa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na matokeo hulinganishwa na kikomo cha kimataifa cha wafanyakazi, yaani wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Upande wa pili wa ukuta amelala mgonjwa. Huyo hana kifaa wala kikomo, na mara nyingi jalada lake halina hata mstari mmoja unaoeleza amepokea mionzi kiasi gani.

Kukosa kikomo kuna sababu. Majeruhi anayehofiwa kuvuja damu kichwani hawezi kunyimwa CT-Scan kwa hoja kwamba amekwisha kufikia idadi fulani. Kinachopimwa hapo ni faida dhidi ya hatari. Lakini kukosa kikomo si ruhusa ya kukosa hesabu. Dawa haina budi kuandikwa kipimo chake. Kwa nini mionzi isiandikwe?

Wapo wanaodai kwamba namba zitawatia wagonjwa hofu. Hoja hiyo haina mashiko, kwa maana hofu huzaliwa na kutojua. Hakuna binadamu aishiye bila mionzi. Hutoka angani, ardhini, katika chakula, na zaidi katika gesi ya radoni inayofuka kutoka udongoni na kuingia majumbani. Kwa wastani wa dunia, mionzi hiyo ya asili humfikia kila mtu kwa kiasi cha milisiveti 2.4 kwa mwaka, na karibu nusu yake ni ya radoni. Picha moja ya eksirei ya kifua haizidi takriban milisiveti 0.1, sawa na mionzi ya asili ya wiki mbili hivi. Mama anayeelezwa hivyo hana sababu ya kuikimbia picha itakayobaini kifua kikuu.

Namba hizo hizo ndizo zinazoonya. CT-Scan moja ya tumbo huweza kufikia milisiveti 8 hadi 10, yaani mionzi ya asili ya miaka mitatu hadi minne. Ikiwa ni ya lazima, faida yake huizidi hatari kwa mbali. Lakini mgonjwa anapopewa rufaa bila picha zake, kisha akapigwa upya kwa sababu tu za awali hazionekani, mwili wake hulipa gharama ya uzembe wa karatasi. Akiwa mtoto, jambo ni zito zaidi, kwani tishu zinazokua huathirika kwa urahisi na miaka iliyo mbele yake ni mingi.

Nyenzo za kuhesabu tayari zipo. Mashine za kisasa za CT-Scan huonyesha kiasi cha mionzi iliyotumika kila kipimo kinapomalizika. Namba hiyo ni ya mashine, nayo si utabiri wa ugonjwa wa mtu mmoja; hata hivyo, mtaalamu huweza kuitumia kukadiria kilichoufikia mwili, na kituo huweza kubaini kama mashine yake inatumia mionzi kupita inavyohitajika.

Basi daktari anayeagiza kipimo na aulize kwanza kama ultrasaundi haitoshi na kama picha ya awali haipo. Mtaalamu wa mionzi na aandike namba iliyoonyeshwa na mashine katika majibu. Mgonjwa naye atunze picha zake kama atunzavyo kadi ya kliniki, na mwanamke anayehisi ana mimba aseme kabla ya kupigwa picha. Haki anayopewa mtaalamu kwa kifaa kilichopo kifuani pake, mgonjwa anaistahili kwa mstari mmoja wa wino.